Kwa nini dola ya njano inageuka kahawia, na kwa nini usiisugue

Mnaoishi Marekani mnaijua ile sarafu ya dola moja, ya njano, inayoitwa dola ya Sacagawea, ina sura ya mama kijana kageuza shingo anakutazama na mgongoni kabeba mtoto kalala. Ikitoka benki ikiwa mpya inawaka hasa, ukiimwaga mezani mtu anaweza kudhani umemwaga dhahabu. Alafu iache izunguke, ipite kwenye mifuko ya suruali, kwenye viganja vyenye jasho, kwenye mashine za tiketi, kwenye droo za makeshia, haitachukua muda mrefu utakuta ule mng'ao umeondoka, imeshika mabaka, inaenda kwenye kahawia, na nyingine zinaenda mpaka kwenye weusi kabisa, yule mama anabaki anang'aa shavuni na kwenye nywele tu na pembeni yake kote pameingia giza.

Mi nafanya kazi kwenye kaunta ya duka la vyakula ambalo wateja wake wengi ni watu wa kwetu, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, na kila nikitoa chenji yenye sarafu hizo zilizokwisha kubadilika rangi lazima pawe na maneno. Mama mmoja wa Kikongo, mtu mzima, aliigeuza geuza akaniambia, "Mtoto yangu, hii haiko dola. Dola iko ya karatasi." Nikamwambia, "Mama, ni dola kabisa, angalia hapa nyuma pameandikwa." Akaangalia, akaona tai anaruka, akaona maandishi, akanirudishia. "Kama iko dola, mbona imeoza?"

Na mnaojua mambo ya Kongo mnamuelewa. Kule dola inatembea mtaani kila siku lakini ni noti, na noti yenyewe ikiwa na mchaniko mdogo tu pembeni muuzaji anaikataa, kwa hiyo mtu amekuzwa kuikagua dola kama anakagua hati ya kiwanja, sasa leo unampa kipande cha metali cha kahawia unamwambia ni ile ile. Swali lake lilikuwa la haki na ndo nataka kulijibu hapa kwa urefu, maana nimezisoma sana hizi sarafu na nazipenda, na jibu lake ni zuri kuliko watu wanavodhani.

Kwanza, ile kahawia siyo uchafu. Uchafu unakaa juu, ukiosha na maji na sabuni unatoka, na kweli sarafu ya kuzunguka ina uchafu wake pia, mafuta ya mikono, vumbi, nyuzi za mifuko. Lakini osha upendavyo, kahawia itabaki, kwa sababu hapo ni metali yenyewe ya sarafu ndo imebadilika, ule utando mwembamba wa juu kabisa umeungana na oksijeni na vitu vingine vya hewani na vya mwilini mwetu ukawa kitu kingine. Na sababu ya hii sarafu kubadilika haraka na vibaya kuliko wenzake haikuja kwa bahati mbaya. Imetokana na mashine za soda. Subirini nieleze.

Mwaka 1979 Marekani walitoa sarafu ya dola yenye sura ya Susan B. Anthony, mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura. Ilikuwa nyeupe, ina upana wa milimita 26.5. Robo dola, yani ile ya senti 25 ambayo kila mtu anayo mfukoni, ni nyeupe pia na ina milimita 24.3, zote mbili zina vijistari ukingoni. Sasa we fikiria uko dukani foleni ndefu nyuma yako unachomoa sarafu haraka haraka, unatoa dola nzima unadhani umetoa robo. Watu waliichukia. Uzalishaji ukasimama 1981. Lakini zile zilizokuwepo ziliendelea kupata kazi kwenye mabasi, treni na mashine za kuuza stempu na vinywaji, kidogo kidogo akiba ikawa inapungua, mpaka ilibidi watengeneze nyingine mwaka 1999 wakati wanasubiri mpya iwe tayari.

Hiyo mpya ilitokana na sheria ambayo Rais Clinton aliisaini tarehe 1 Desemba 1997. Sheria ilitaka dola mpya iwe na rangi ya dhahabu, na ukingo wa peke yake, ili mtu aitambue kwa macho na kwa vidole asiichanganye na robo. Sura akaichonga Glenna Goodacre, mchongaji sanamu wa New Mexico, na binti aliyekaa mbele yake kama kielelezo alikuwa Randy'L Teton, Mshoshone, moja ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani. Maana mama wa kwenye sarafu ni Sacagawea, mwanamke wa Kishoshone aliyesafiri na msafara wa Lewis na Clark, wale waliotumwa na serikali kwenda kuchunguza nchi za magharibi, mpaka bahari ya Pasifiki na kurudi akiwa na mwanawe mchanga, Jean Baptiste, aliyezaliwa Februari 1805. Hakuna picha yake halisi iliyobaki, ndo maana walihitaji mtu wa kabila lake. Tai wa upande wa pili ni kazi ya Thomas D. Rogers, na nyota 17 zinazomzunguka ni majimbo yaliyokuwepo wakati msafara unaondoka 1804.

Sasa hapo kwenye rangi ya dhahabu ndo kazi ilipokuwa. Kupata sarafu ya njano siyo shida, shaba ya njano ipo tangu zamani, unachanganya shaba nyekundu na zinki basi. Shida ni kwamba nchi nzima ilikuwa na mashine zilizofundishwa kuijua dola ya Susan B. Anthony, na wenye mashine hawakutaka kuingia gharama ya kuzibadilisha zote. Na ile mashine haina macho ya kuona njano au nyeupe. Ukiitumbukiza sarafu inapita katikati ya koili, mashine inapima ukubwa wake na inapima jinsi umeme unavopita kwenye metali ile, hapo ndo inajua hii ni robo, hii ni dola, hii ni kipande cha bati cha mjanja. Kwa hiyo dola mpya ilitakiwa ionekane dhahabu kwa binadamu na ihisike kuwa ni ile ile dola nyeupe kwa mashine. Vipimo vikafanana, upana milimita 26.5, uzito gramu 8.1. Lakini umeme ukakataa, kwa sababu shaba ya njano ya kawaida inapitisha umeme vizuri mno kuliko ule mchanganyiko wa shaba na nikeli uliokuwa umeifunika dola ya zamani.

Ndo ikaingia metali inaitwa manganizi. Manganizi ukiichanganya na shaba, hata kidogo, inauzuia umeme sana. Mafundi wa vifaa vya umeme wanalijua hili miaka mingi, kuna aloi, yani mchanganyiko wa metali, inaitwa manganini, asilimia 84 shaba, 12 manganizi, 4 nikeli, inatumika kwenye vifaa vya kupimia umeme kwa sababu inauzuia umeme na kiasi inachouzuia hakibadiliki sana na joto. Wahandisi wa sarafu wakachezea viwango mpaka wakapata ngozi ya asilimia 77 shaba, 12 zinki, 7 manganizi na 4 nikeli. Njano ikabaki, mashine ikaridhika.

Nimesema ngozi kwa sababu hii sarafu ina matabaka matatu, katikati shaba nyekundu tupu, juu na chini hiyo shaba ya manganizi, vimebanwa pamoja kwa nguvu vikashikana. Ukisoma maelezo ya serikali utaona wanaandika asilimia 88.5 shaba, 6 zinki, 3.5 manganizi, 2 nikeli, na wengi wanajiuliza kwa nini namba zinapishana na zile za juu. Hazipishani. Moyo wa shaba tupu ni nusu ya sarafu na ngozi ni nusu, chukua kila namba ya ngozi gawa kwa mbili utaipata, na shaba ya moyoni ikiongezwa inakuja 88.5 kamili. Mi nilipoipiga hiyo hesabu nilifurahi sana, nikaona kweli watu walikaa chini wakapanga.

Ila manganizi ina tabia nyingine, na walioijua historia ya sarafu za Marekani walishaiona. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nikeli ilihitajika kwenye silaha, basi kuanzia 1942 mpaka 1945 sarafu ya senti tano, ambayo siku zote ilikuwa na nikeli, ikatengenezwa kwa asilimia 56 shaba, 35 madini ya fedha na 9 manganizi. Na huko nako moja ya mambo yaliyowaumiza kichwa ni mashine, mchanganyiko ulibidi ukubalike na mashine za kuuzia vitu za wakati ule. Zile senti tano za vita zikizunguka zinaweka giza baya, wakusanyaji wanazitambua kwenye rundo hata kabla ya kusoma mwaka, zina kijivu cheusi chenye mawingu. Miaka zaidi ya hamsini baadaye ikarudi shida ile ile, dawa ikawa ile ile, na rangi ikaja ile ile.

Kwa nini manganizi hasa? Metali zote za kwenye hiyo ngozi zinaweza kuungana na oksijeni, tofauti ni haraka ya kukubali. Wanakemia wanazipanga kwa urahisi wa kuachia elektroni. Manganizi inaachia kwa urahisi mno, inafuata zinki, kisha nikeli, na shaba ndo bahili kuliko zote nne. Kwa hiyo hewa yenye unyevu ikigusa ile sarafu, manganizi iliyoko juu juu inajitoa mapema, inageuka oksidi, na oksidi za manganizi ni za kahawia iliyokolea mpaka nyeusi. Shaba nayo haikai bure, inaanza na oksidi nyekundu ya hudhurungi alafu taratibu inapata na ile nyeusi. Zinki oksidi yake ni nyeupe, haisaidii wala haiharibu sana rangi. Jumlisha hayo yote kwenye utando mwembamba usioushika kwa kidole, unapata hiyo kahawia inayowatisha wateja wangu.

Alafu tuje kwenye mikono yetu, maana sarafu iliyokaa benki kwenye roli yake inaweza kukaa miaka bado ina njano, na ile iliyozunguka imeisha rangi, tofauti yao ni sisi. Jasho la binadamu lina chumvi ile ile ya jikoni, lina asidi ya laktiki, lina urea, na mara nyingi lina uchachu kidogo. Uchachu unaitafuna ile oksidi ya juu na chumvi ndo mbaya zaidi, kloraidi yake inapenya ule utando ambao ungetulia ukailinda metali ya chini, inaufungua tena na tena, metali mpya inabaki wazi, nayo inageuka. Ndo maana kuna sarafu utaikuta ina alama ya dole gumba kabisa, mistari yote ya kidole imeandikwa kwa kahawia, mtu aliishika siku moja ikiwa mpya na mkono una jasho akaitupa kwenye kopo, miezi ikapita, alama ikatokea yenyewe. Inanishangaza kila nikiiona. Ongeza salfa inayotoka kwenye moshi wa magari, kwenye mpira wa kufungia hela, kwenye kadibodi, hiyo nayo inaungana na shaba inatoa weusi wake.

Sasa angalia rangi inavokaa. Haikai sawa. Sehemu zilizoinuka, shavu la Sacagawea, nywele zake, herufi, ukingo wa juu, hizo kila siku zinasuguana na sarafu nyingine, na vitambaa, na vidole, kwa hiyo utando kila ukijaribu kuota unafutwa, njano inabaki. Sehemu za chini, ule uwanja bapa, mikunjo ya nguo, pale mtoto Jean Baptiste alipolala, hakuna kinachofika kusugua, giza linajaa. Matokeo yake sura inasimama. Ikiwa mpya kila kitu kinang'aa kwa pamoja macho yanateleza, ikishazunguka unaona mfupa wa shavu, unaona kichwa cha mtoto, unaona anavokutazama. Kiwanda cha sarafu cha Marekani chenyewe kiliwahi kuwaeleza watu kwamba hiyo ni rangi ya ukale, sehemu za juu zinabaki na mng'ao na chini panakuwa giza na hiyo inaipa sarafu kina. Kuna waliosema wanajitetea tu, kwamba wameshindwa kutengeneza sarafu inayodumu sasa wanatafuta maneno. Mi nipo upande wa kiwanda. Ziweke mbili sambamba, mpya na ya kahawia, mwambie mtu asiyejua chochote akuonyeshe sura iliyochongwa vizuri zaidi.

Waliokulia Pwani hawana sababu ya kuishangaa hii. Nyumbani Tanga bibi alikuwa na sinia kubwa la shaba, la kutolea vitu vya wageni, kila ikikaribia Idi linatolewa chini linasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka linawaka, na ikifika mfungo unaofuata limesharudi kahawia kwenye michongo yake yote, njano imebaki mgongoni mwa maua tu. Hakuna aliyesema sinia limeoza. Tulijua shaba ndo ilivo, na hewa ya chumvi ya baharini inaiwahisha. Dola ya Sacagawea ni shaba kwa sehemu kubwa kabisa, tofauti ni kwamba ile manganizi inaifanya ikimbilie huko haraka zaidi.

Kinachonisikitisha mi siyo rangi, ni kwamba Wamarekani wenyewe hawakuipa nafasi ya kuipata. Mwaka 2000 zilitengenezwa zaidi ya bilioni moja na milioni mia mbili, zikatangazwa kwenye televisheni, zikapelekwa Walmart, zikawekwa chache ndani ya maboksi ya Cheerios. Watu wakazichukua, wakazipenda, wakaziweka kwenye kopo juu ya kabati kama ukumbusho. Noti ya dola ilikuwa bado ipo, nani atabeba chuma? Kuanzia 2002 zikawa zinatengenezwa kwa wakusanyaji tu. Ikaja 2007 dola za marais, metali ile ile, rangi ile ile, na tatizo likawa lile lile, zikarundikana kwenye makasha mpaka Desemba 2011 serikali ikaamua kuacha kuzitoa kwa mzunguko, akiba ilishafika karibu bilioni 1.4 zimekaa. Nyingi ya hizo zina njano yake bado kwa sababu hazikuzunguka mikononi mwa watu.

Ukitaka kuiona dola ya Sacagawea iliyofanya kazi nenda Ecuador. Nchi hiyo iliacha hela yake, sukre, mwaka 2000, mwaka ule ule sarafu hii inatoka, wakaanza kutumia dola ya Marekani kwa kila kitu, na kule noti ya dola moja inachakaa vibaya sokoni na kwenye mabasi, kwa hiyo sarafu ikapokelewa kwa mikono miwili. Ndo chenji ya kila siku. Na zinavoonekana ni kahawia kweli kweli, hasa zinazozunguka joto la Guayaquil na unyevu wake, nyingine sura imesagika shavu limekuwa bapa, na hakuna anayemuuliza muuza samaki mbona hii dola imeoza. Inapokelewa kwa jinsi inavyopokelewa, na ndo hapo nikaona kwamba mama yule wa Kikongo hakuwa na tatizo na kahawia yenyewe, hakuwahi kuizoea tu. Ingekuwa Bukavu inazunguka sarafu hiyo miaka ishirini, ile mpya yenye kung'aa ndo angeishtukia.

Niguse kidogo dola za madini ya fedha, maana watu wakisikia sarafu inabadilika rangi wanachanganya mambo mawili. Dola za zamani za Marekani, zile za Morgan zilizoanza 1878 na za Peace zilizoanza 1921, ni asilimia 90 madini ya fedha na 10 shaba. Hizo hazihangaiki sana na oksijeni, adui wao ni salfa. Fedha ikikutana na gesi ya salfa inatengeneza salfaidi nyeusi. Lakini kabla haijawa nyeusi inapita kwenye rangi, njano hafifu, kisha ya kahawa, zambarau, buluu, na siyo kwamba kuna wino hapo, ni utando mwembamba chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, mwanga unaogonga juu yake na unaogonga chini yake unarudi ukipishana, rangi nyingine zinafutana nyingine zinapeana nguvu, na utando ukinenepa rangi zinabadilika. Zilizokaa miongo kwenye mifuko ya turubai ya serikali, sarafu elfu moja kila mfuko, zile zilizogusana na kitambaa zilitoka na rangi za upinde wa mvua upande mmoja, na watu leo wanazilipia pesa nyingi.

Na huku kwetu fedha nyeupe ilikuwa ndo hela yenyewe. Riale ya Maria Theresa, ya Austria, iliyoandikwa 1780 na kuendelea kupigwa kwa mwaka huo huo vizazi na vizazi, ndo ilikuwa kipimo cha biashara Unguja na Pwani yote karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts wanaoleta kitambaa cha merikani na kuchukua pembe za ndovu na sandarusi waliizoea, na Sayyid Barghash alipotaka riale yake mwenyewe mwaka 1882 aliipiga kwa fedha pia. Anayekaa karibu na mikoko anaijua ile harufu ya mayai viza maji yakikupwa, tope likiwa wazi. Hiyo ni gesi ya haidrojeni na salfa, ndo ile ile inayoipa fedha weusi. Kwa hiyo bangili na mikufu ya fedha ya bibi zetu kuingia giza haraka ndani ya sanduku, mtu asiseme ni fedha feki, ni mkoko unapumua hapo nje.

Sasa kusugua. Jirani yangu, kijana wa Goma, alikuwa na kopo la dola za njano zilizobadilika, akaona video akaziloweka kwenye siki na chumvi usiku mzima. Asubuhi kaja mlangoni, "Kaka, njoo uone." Kahawia ilikuwa imeondoka kweli. Lakini zilikuwa za waridi. Zimepauka, hazina mng'ao, zinafanana na ngozi iliyochubuliwa na krimu. Kilichotokea ni kwamba asidi iliondoa oksidi yote, alafu haikuishia hapo, ikaendelea kula manganizi na zinki za juu juu kwa sababu ndo dhaifu, ikabakiza uso wenye shaba nyingi kuliko inavotakiwa, na shaba ni nyekundu. Njano ilikuwa ni ya mchanganyiko, ukiuvunja mchanganyiko njano inakwenda. Tena uso ule mpya una vishimo vidogo vidogo ambavyo vinashika unyevu, baada ya wiki chache zikaanza kurudi kahawia, safari hii kwa mabaka, mbaya kuliko mwanzo. Vile vile na Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, inasugua kwa chembe, inakwangua metali, inang'aa siku mbili tatu na mistari ya mikwaruzo inabaki milele. Kampuni zinazopima sarafu kwa wakusanyaji, kama PCGS na NGC, zikiona sarafu imesuguliwa zinaandika kabisa kwamba imesafishwa na bei inaanguka, hata kama ni ya fedha, hata kama ni adimu.

Kama ina gundi au mafuta au stika imeganda, tumia asetoni safi, ile tupu isiyo na manukato ya kuondolea rangi ya kucha, iloweke, itoe, iache ikauke yenyewe, usiifute. Asetoni inayeyusha mafuta haigusi metali. Fanya dirishani palipo wazi na mbali na jiko, inawaka moto kirahisi mno.

Na kama hofu yako ni feki, rangi haitakusaidia kujua. Chukua sumaku, dola hii hainaswi na sumaku hata kidogo, ya njano wala ya kahawia. Chukua mzani mdogo wa kupimia viungo, gramu 8.1, ikiwa imezunguka sana inaweza kupungua kidogo sana kwa kusagika. Pima upana, 26.5. Hayo matatu yakikubali basi, weusi wake usikushughulishe.

Anayetaka kuitunza ikiwa bado njano, ishike kwa ukingo tu, usiguse uso, iweke kwenye kijikasha cha plastiki ngumu au cha mailari, ile plastiki nyembamba angavu. Epuka vile vipochi laini vya plastiki vinavonuka upya, ni PVC, vikikaa vinatoa asidi inayogeuza shaba kuwa kijani chenye ute unaonata, na hiyo kijani ikishaanza inakula metali, hiyo sasa ndo kuoza kwenyewe. Usifunge na mpira wa hela, usiweke kwenye droo ya mbao mbichi wala bahasha ya khaki, tia kipakiti cha kukausha unyevu kile kinachokuja na viatu vipya, na ukiwa unakaa karibu na bahari kibadilishe mara kwa mara maana kinashiba haraka.